Mapigo ya Bure

Kabla king'ora cha mtaa hakijalia, Tusekile alinyoosha mkono wa kushoto, na mama mkwe wake akamvalisha bangili ya pili juu ya kiwiko, mahali ambapo sweta ingeificha. Bangili yake mwenyewe ilikuwa kwenye kifundo cha mkono kama ya kila mtu. Hii ya juu ilikuwa ya wifi yake, Subilaga, aliyekaa kwenye kigoda karibu na jiko akimnyonyesha mwanawe. Miguu ilikuwa imemvimba, kandambili zimemwachia alama nyekundu.

"Leo nikimbize taratibu, wifi," Subilaga alisema. "Jana ulinipeleka mbio, usiku kucha mapaja yananiuma."

"Pole. Nilitaka uwashinde wale wa mtaa wa chini."

"Niliwashinda?"

"Uliwaacha mbali. Yule baba wa duka la mbolea alikaa chini akashika kichwa."

Subilaga alicheka kidogo, akakohoa, kicheko kikaishia hapo. Mama mkwe hakucheka. Alivuta mkono wa sweta chini, akaupapasa kama anayepapasa gunia kuona kama limejaa, akasema, "Haionekani. Nenda."

Sekela, binti yake Tusekile, alikuwa amelala kwenye kikapu. Tusekile alimtazama. Akaona shuka limeteleza, akalivuta, akatoka.

Nje, baridi ya Mbeya ilimkuta usoni. Watu walitoka majumbani wakajipanga katikati ya barabara, kila mmoja na salamu moja tu ya mdomoni, "Ugonile". King'ora kikalia. Miguu ikaanza.

Zamani mchakamchaka ulikuwa na nyimbo. Tusekile alizikuta shuleni miaka ya mwishomwisho, tena alikuwa kiongozi wa wimbo. Sasa mtaa mzima ulikimbia kimya, maana kuimba, ilisema Ofisi ya Mapigo, kunaharibu usomaji wa bangili. Kilichosikika ni raba kwenye lami, pumzi, na mlio mdogo wa bangili ya mtu aliyelegea: ti, ti, ongeza mwendo.

Bangili ilihesabu vitu viwili tu, moyo na miguu. Miguu ikienda na moyo ukapanda, hiyo ni kazi, taa inabaki kijani. Moyo ukikaribia dari yake, njano. Ukiigonga dari, nyekundu, simama. Dari haikuwa moja kwa wote. Zamani watu walichukua mia mbili na ishirini, wakatoa umri, basi. Mzima na mgonjwa wa rika moja wakapewa namba moja. Bangili haikufanya hivyo. Ilimfuata mvaaji wake asubuhi baada ya asubuhi, ikausoma moyo wake mpaka ukawa kama wa ndugu yake.

Na moyo ukipanda miguu ikiwa imetulia, hayo yaliitwa mapigo ya bure. Hasira, hofu, furaha ya ghafla, bangili haikuuliza ni lipi. Sindano nyembamba kama unywele ilitoka chini yake, tulizo likaingia, na baada ya pumzi chache mtu akawa sawa. Tangu ile miaka ya watu wenye afya zao kuanguka na kufa sokoni na kanisani, hakuna aliyeona kuwa hiyo ni bei kubwa. Watu waliacha kuanguka. Kweli waliacha.

Tusekile alijifungua akiwa na bangili. Mkunga alimwekea Sekela kifuani, moyo ukaruka, sindano ikaingia. Akamtazama mtoto. Mtoto mzuri, vidole vyote vipo. Akaomba maji ya kunywa.

Ndiyo maana aliupenda mwinuko wa kuelekea kwenye matangi ya maji. Pale kila mtu alihema, moyo uko juu kwa ajili ya kazi, na bangili haikuweza kuchambua kingine kilichopanda pamoja nao. Hapo ndipo alipomwita Sekela akilini. Nyayo zake. Harufu ya utosi wake baada ya kuogeshwa. Ikamjaa kifuani, kubwa, inauma, akakimbia nayo huku machozi yakimtiririka, na waliokuwa pembeni yake wakadhani ni jasho. Barabara ilipolala tambarare, ikapungua. Alipofika nyumbani ilikuwa imekwisha, amebaki na kumbukumbu kwamba ilikuwepo.

*

Subilaga alianza kuhema vibaya mwezi wa mwisho wa mimba. Baada ya kujifungua Ipyana hakuweza tena kulala bila mito mitatu mgongoni. Mkunga aliwaambia kwa sauti ya chini, mlangoni, kwamba moyo umechoka na uzazi, unatanuka, apelekwe akapimwe. Wakamshukuru, wakampa ndizi, hawakumpeleka.

Maana kupimwa kulikuwa na mwisho wake. Moyo wa daraja la nne ulikwenda Nyumba ya Utulivu, kule bondeni. Huko watu walilazwa, tulizo linaingia mchana kutwa, na ndugu waliwaona kupitia kioo. Mtoto haruhusiwi kuvuka kioo, kwa sababu hakuna kinachopandisha mapigo ya bure kama mtoto.

Waume zao wote wawili walikuwa machimboni Chunya. Basi wanawake watatu wakaamua jikoni, kama ambavyo jikoni kumeamuliwa mengi. Jirani akiugua wakati wa kilimo, si unamlimia? Akifiwa, si unampikia? Subilaga hawezi kukimbia, atakimbiziwa. Mama mkwe ndiye aliyesema. Tusekile akanyoosha mkono.

Miezi ikapita, taa ya Subilaga ikawa kijani siku zote, daraja la kwanza. Hata Bi Mwasomola, mpimaji wa mtaa, aliwahi kusimama mlangoni akasema, "Huyu mama mzazi ni mfano," na Subilaga akashukuru akiwa amekaa, shuka limefunika miguu.

Kisha likaja tangazo la Kupanda. Kila mwaka madaraja yalipangwa upya kwa kupanda mlima Loleza hadi kwenye minara. Mwaka huu, kipaza sauti kilisema, bangili zitakaguliwa langoni, kila mtu na yake mkononi. Kuna mtaa umegundulika, watu wanakimbiziana.

"Wanakimbiziana," mama mkwe alirudia, kama aliyesikia habari za nchi ya mbali.

"Itakuwaje?" Tusekile aliuliza.

"Atapanda polepole. Mbona bangili yake ni nzuri? Haijawahi hata kuwa njano." Mama mkwe alikuwa akichambua maharage, hakuinua kichwa. "Ikiona amechoka, itawaka, atakaa. Ndiyo kazi yake."

Tusekile alikubali, akachukua ndoo. Alikuwa amefika mlangoni aliposimama.

Aliweka ndoo chini. Akamvalisha Subilaga bangili yake, ile aliyokuwa akikimbiziwa, akamshika mkono, wakapanda ngazi za nyuma za kwenda darini, taratibu, Ipyana akiwa kwa bibi yake. Juu ya ngazi Subilaga aliegemea ukuta. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Bangili ilikuwa kijani.

"Umeona?" mama mkwe alisema kutoka chini. "Kijani."

Tusekile aliweka vidole viwili shingoni mwa wifi yake, pembeni ya koo, kama walivyofundishwa shuleni kabla ya bangili. Akatazama mshale wa saa ya ukutani ukila robo ya dakika. Akahesabu arobaini, akazidisha kwa nne. Mia moja na sitini, kwa ngazi za darini. Tena hayakuwa mapigo yaliyopangana. Yalikuja kama bisi kwenye kikaango, mawili, kimya, matatu kwa pamoja.

"Mama," alisema, "hii bangili haimjui Suba. Inanijua mimi."

Mama mkwe aliinua kichwa.

"Dari iliyomo ni yangu. Kwangu, mia na sitini ni kazi ya kawaida. Itamwambia kijani mpaka aanguke. Itamwambia kijani akiwa chini."

Tusekile alijua kwamba hapa mtu anapaswa kuogopa. Alisikia moyo ukianza, tu, tu, tu, miguu imetulia kwenye sakafu. Sindano ikamchoma. Ubaridi ukapanda hadi bega. Aliangalia uso wa mama mkwe ukilegea vivyo hivyo, mikunjo ikijinyoosha, macho yakirudi kwenye maharage.

"Basi tumwambie mpimaji," Tusekile alisema.

"Usiseme." Subilaga alikuwa ameketi kwenye ngazi. Sauti yake ilikuwa shwari, kama ya mtu anayeagiza chumvi. "Wifi, ukisema, Ipyana atanijua kwa kioo. Nitapanda. Nitatembea nyuma kabisa. Niahidi."

Tusekile alitafuta ndani yake kitu cha kukataa nacho. Akakuta pamefagiliwa.

"Sawa," alisema, akaenda kuchota maji.

*

Langoni Bi Mwasomola alizigusa bangili moja moja kwa kifaa chake. Alikuwa mama mnene kiasi, mpole, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Daraja la kwanza walipangwa mbele, la pili nyuma yao, la tatu mwisho. Hivyo Subilaga, aliyetaka kutembea nyuma kabisa, akawekwa safu ya mbele.

"Mwanariadha wetu," Bi Mwasomola alisema. "Ugonile, mama Ipyana."

"Ndaga," Subilaga aliitikia.

Alikuwa amevaa raba za mumewe kwa sababu zake hazikuingia tena. Mama mkwe alibaki chini na watoto, mmoja mgongoni na mwingine mikononi, kwenye turubai la wanaosubiri.

King'ora kikalia. Tusekile alitembea bega kwa bega na wifi yake. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu kati ya misonobari, mwanzoni laini, kisha ikageuka ya mawe. Safu nzima ilipanda bila neno. Bangili ya Subilaga: kijani. Ti, ti, ikalia, ongeza mwendo. Moyo wa daraja la kwanza hautembei hivi.

"Usiisikilize," Tusekile alinong'ona.

"Nisipoisikiliza watanitoa kwenye safu." Subilaga akaongeza mwendo.

Tusekile alimtazama. Aliona jasho la baridi juu ya mdomo, mshipa wa shingo umejaa, na mkono wa kushoto unashika vazi kifuani na kuliachia, unashika na kuliachia. Aliyaona yote haya kwa usahihi, kama mtu anayesoma bei kwenye kibao cha duka. Alijua maana yake. Alijua pia ahadi yake. Vitu viwili vilikaa kwenye mizani na hakuna hata kimoja kilichokuwa na uzito.

Ndipo alipokumbuka matangi ya maji.

Akaanza kukimbia. Akaiacha safu, akapanda mwinuko mbio, mawe yakimwagika nyuma yake, bangili ikafurahi, kijani, kijani. Akafika kwenye kona ya juu, akageuka, akashuka mbio hadi kwa Subilaga, akageuka tena, akapanda.

"Mama Sekela, nguvu hizo tunza," mtu alimwambia. "Minara iko mbali."

Alizidi kukimbia. Mapafu yalikuwa yanaungua. Na katika kuungua huko, kilichofagiliwa kikaanza kurudi, kidogo, kisha kwa wingi, kama maji bombani baada ya mgao. Subilaga aliyemsuka nywele siku ya kuolewa kwake. Subilaga akimwambia mapaja yananiuma, wifi. Subilaga chini kwenye mawe, na taa ya kijani juu yake. Hofu ilimpata. Akaikaribisha. Akashuka nayo.

Shuleni, kiongozi wa wimbo hakuimba ili kufurahisha watu. Aliimba ili asikilize. Aliyeweza kuitikia huku akihema alikuwa sawa. Aliyeweza kuimba kwa raha alikuwa mvivu, aongezewe mwendo. Na aliyeishiwa sauti alitolewa kwenye safu, akawekwa mbele ya wote, ili shule nzima iende kwa mwendo wake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mchakamchaka kabla ya sheria.

Tusekile alijipanga pembeni ya wifi yake, akifungua koo ambalo halikuwa limefunguliwa kwa miaka.

"Aliyelala!"

Vichwa viligeuka. Hatua mbili, tatu, kimya. Kisha nyuma huko, kwa aibu, sauti ya mwanamume, yule wa duka la mbolea: "Tumwamshe."

"Aliyelala!"

"Tumwamshe." Sasa walikuwa wengi, wanaitikia kwa miguu zaidi kuliko kwa akili.

"Kuimba kunaharibu usomaji," Bi Mwasomola alisema kwa upole, akipanda kando yao.

"Aliyelala!" Tusekile aliimba akimtazama Subilaga mdomoni. Mdomo ulifunguka. Ukatafuta. Hakikutoka kitu.

Bangili ilikuwa kijani.

"Simameni," Tusekile alisema. Akamkamata Subilaga kiunoni, akamkalisha kwenye jiwe, kisha yeye mwenyewe akabaki anakimbia, palepale, magoti juu chini, juu chini, mbele ya mpimaji. Akisimama, sindano ingekuja. Akisimama angesema sawa.

"Mama Sekela, pumzika."

"Sipumziki. Nisikilize, Bi Mwasomola. Hiyo bangili ya Suba, moyo uliomo ni wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakimbia. Kila asubuhi. Bangili mbili." Alihema kati ya maneno, vumbi likipanda miguuni. "Moyo wake umechoka na uzazi. Usiangalie taa. Mshike shingoni."

"Taa ni kijani."

"Mshike shingoni, dada yangu. Nakuomba."

Mtu mmoja alicheka, kwa sababu kweli kilikuwa kitu cha kuchekesha, mwanamke mzima anakiri makosa huku anarukaruka kama mtoto anayebanwa na haja. Bi Mwasomola hakucheka. Aliitazama taa, akamtazama Subilaga. Akapiga goti. Vidole vyake havikujua pa kwenda. Vilipapasa taya, vikapapasa mfupa, mpaka Subilaga mwenyewe alipouinua mkono mzito akavisogeza mahali pake.

Mpimaji alihesabu huku midomo yake ikitembea. Kisha akaacha kuhesabu, maana hakukuwa na kitu cha kufuata. Tusekile aliona sindano ikimchoma mpimaji, akaona bega likishtuka. Lakini mkono ulikwisha kufika kwenye redio.

"Machela," Bi Mwasomola alisema, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. "Na dawa ya maji ya mapafu. Mbio."

Subilaga alimtazama wifi yake kutoka kwenye jiwe. Alivuta pumzi mara tatu ili apate maneno mawili.

"Umeniuza, wifi."

Tusekile aliendelea kukimbia palepale. Aliacha neno hilo limuume mpaka mwisho, mpaka machela ilipopotea kwenye misonobari. Ndipo aliposimama.

*

Alishushwa hadi daraja la tatu, na mtaa ukanyimwa mwaka mzima wa sifa. Baba wa duka la mbolea hakumsalimia kwa muda, kisha siku moja akamwita "kiongozi wa wimbo," akampunguzia bei ya samadi. Mama mkwe hakumlaumu wala kumshukuru. Asubuhi alimletea uji wa kwanza kabla ya kujipakulia wake.

Ipyana alinyonya kwa Tusekile. Ziwa la kulia lake, la kushoto la Sekela, na wote wawili waliishika bangili yake wakiinyonya kama pipi.

Kwenye Nyumba ya Utulivu kioo kilikuwa kirefu, chenye matundu ya kuongelea. Mara za kwanza Subilaga alikuwa amelala, macho kwenye dari. Dawa zilimwondolea maji, miguu ikarudi kuwa miguu. Bangili yake ilikuwa imefutwa na kuanza kumjua upya, yeye mwenyewe, na dari yake ilikuwa chini sana, lakini ilikuwa yake. Alipogeuza uso akawaona watoto, uso ulitaka kufanya kitu, kisha tulizo likamfikia na uso ukaacha.

Tusekile alisimama upande wake wa kioo, na kwake pia ikawa hivyohivyo. Wakatazamana kama watu wanaosubiri foleni moja.

Siku nyingine alikuja na Bi Mwasomola. Hakumwelezea mengi, alimwomba tu aje. Akamfunga Sekela mgongoni, Ipyana kifuani, akaanza kutembea kandokando ya kioo, mwisho hadi mwisho.

"Mwambie atembee," alisema.

"Wa daraja la nne hawatembei."

"Miguu ikienda, si mapigo ya bure. Ni kazi. Taratibu yake, chini ya dari yake. Nitamsikiliza mimi."

Bi Mwasomola alifikiri. Siku hizi alikuwa na tabia mpya, vidole viwili vilikuwa vikimwendea shingoni bila yeye kujua. Akavuka mlango wa ndani, akaongea na muuguzi, na baadaye Subilaga akatokea upande wa pili akishikilia reli, hatua moja, hatua nyingine, amekunja uso.

Wakatembea hivyo, kioo katikati. Ukuta ukiisha wanageuka. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha Tusekile, kwa uzito wa watoto wawili na mwendo wa kugeukageuka, akaanza kuhema, na akamwona wifi yake naye kifua kinapanda, na taa ya bangili yake inabaki kijani, kijani ya kweli safari hii. Subilaga alikuwa anamtazama Ipyana. Uso ulianza kufanya kile kitu. Hakuna kilichouzuia.

"Amekuwa mnene," Subilaga alisema kwenye matundu, akipita.

"Ananyonya kama ndama."

"Mwizi kama babake." Hatua nne. Alikuwa analia na anatembea. "Wifi, bado nina hasira na wewe."

"Tembea nayo."

Wakageuka mwisho wa ukuta. Tusekile alisikiliza: maneno yanatoka, pumzi inafuata, hajaishiwa sauti. Akapunguza mwendo wake mwenyewe hadi akawa nyuma kidogo, ili Subilaga awe mbele, na wote wanne waende kwa mwendo wake.

"Aliyelala," Tusekile aliimba, chinichini, watoto wasishtuke.

Upande wa pili wa kioo ilichukua hatua mbili, tatu.

"Tumwamshe," Subilaga aliitikia, kwa sauti iliyokwaruza, akivuta lile neno mpaka mwisho wake, karibu kwa raha.

Bi Mwasomola, aliyeegemea mlango, aliinua kichwa.

"Ameimba," alisema.

"Ndiyo," Tusekile alisema. "Mwongezee mwendo kidogo."